Mstari kwenye ramani ya ubongo si waya

Watu huniletea ramani za mtandao wa ubongo, nukta zimefungwa kwa mistari myekundu, na maelezo ni yale yale: "Hapa eneo hili linatuma ujumbe kwa lile." Nimelikanusha hili mpaka nimechoka. Nalirudia kwa sababu nimeona kauli hiyo ikiingia hadi kwenye ripoti za wagonjwa.

Ramani hizi hutokana na MRI tendaji, yaani picha za ubongo zinazopigwa mfululizo, nayo haipimi nyuroni (seli za neva) zenyewe. Inafuata mabadiliko ya oksijeni katika damu, ambayo hufika kilele takriban sekunde 5 baada ya nyuroni kufanya kazi. Mstari ule unasema tu kwamba ishara za maeneo mawili zilipanda na kushuka pamoja, yaani zina uwiano. Nani alianza? Uwiano haujui. Eneo la tatu likiyachochea yote mawili, mstari utatokea hata kama hakuna uzi wa neva kati yao. Hata pumzi na mapigo ya moyo hutikisa ishara ya damu ubongo mzima, na mistari ikazaliwa hapo.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya watu wazima waliozaliwa bila daraja kuu la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Mitandao ya pande mbili ilikuwepo, ikifanana sana na ya watu wengine. Daraja halipo, mistari ipo! Ukitaka nyuzi, piga picha za difyusheni, zinazofuata mwendo wa maji kando ya nyuzi. Ukitaka mwelekeo, jenga modeli ya visababishi, yaani ya eneo gani linaathiri lipi, na utaje wazi unachokichukulia kuwa kweli.

Zipo na kauli nyingine ninazoletewa. "Kichwa kilitikisika kidogo tu, haina neno." Ina neno kubwa. Tangu 2012 inajulikana kuwa mtikisiko usiofika milimita 1 huongeza uwiano wa maeneo ya karibu na kupunguza wa yaliyo mbali. Watoto na wagonjwa hutikisika zaidi, kwa hiyo "tofauti ya kundi" huenda ni shingo tu. Mimi sifungui matriki ya mtu (jedwali la uwiano wa maeneo yote) kabla ya kuona grafu ya mtikisiko wake, picha kwa picha, na nakushauri ufanye hivyo hivyo.

"Dakika 5 za kupiga picha zinatosha." Kwa wastani wa kundi, pengine. Kwa mtu mmoja, hapana. Mradi wa Human Connectome ulimpiga picha kila mshiriki kwa takriban saa nzima akiwa amepumzika.

"Jozi hizi za maeneo zimevuka kizingiti cha takwimu cha asilimia 5, basi ni za kweli." Atlasi (ramani inayougawa ubongo) ya maeneo 400 ina jozi 79,800. Bila marekebisho ya wingi huo wa majaribio, bahati peke yake itakupa karibu 4,000 zinazovuka.

"Uwiano hasi maana yake maeneo yanapingana." Ukiwa umeondoa ishara ya jumla ya ubongo (wastani wa ishara za ubongo mzima), hesabu yenyewe inalazimisha baadhi ya thamani kuwa hasi. Chora ramani mbili, moja ukiwa umeiondoa na nyingine ukiwa umeiacha, na uziweke zote kwenye ripoti.