Ute wa pinki, mayai yasiyoanguliwa: kabla hujamlaumu jogoo

"Haya mayai yameoza." Mnunuzi husema hivyo anapopasua yai lililokaa kwenye friji wiki kadhaa na kukuta ute umegeuka pinki. Inawezekana kweli, maana wapo bakteria wanaoleta rangi hiyo, na kwa kuwa kwa macho huwezi kujua ni lipi, litupe. Ila mfugaji anayerudishiwa trei baada ya trei kwa lalamiko hilohilo, ilhali mayai yalikuwa safi siku ya kutagwa, akague chakula, hasa kama anatumia mashudu ya pamba.

Mbegu za pamba zina mafuta ya aina ya pekee: asidi ya sterkuliki na asidi ya malvaliki. Katikati ya mnyororo wake kuna kipete cha kaboni tatu, na kipete hicho hukwamisha kimeng'enya kinachogeuza asidi ya steariki, ambayo ni mafuta magumu, kuwa asidi ya oleiki iliyo laini. Kiini hujaa mafuta magumu, utando wake huanza kuvuja. Chuma cha kwenye kiini hupenya hadi kwenye ute, kikashikana na protini iliyomo humo, na pinki ikatokea. Maji ya ute nayo huingia kwenye kiini, kikavimba.

"Ubaya wa pamba ni gosipoli." Dhana hii inanisumbua kuliko zote, kwa sababu anayeiamini hudhani ameshamaliza tatizo. Gosipoli si mafuta. Ni sumu ya rangi ya njano inayokifanya kiini kiwe cha kahawia au kijani cha zeituni, na wachanganyaji wa chakula huishika kwa kuongeza salfeti ya chuma. Asidi za sterkuliki na malvaliki hazishikwi na dawa hiyo. Zenyewe hufuata mafuta. Mashudu ya mashine ndogo za kukamulia hubakiwa na mafuta mengi kuliko ya kiwanda kinachotumia kemikali, hivyo hubakiwa na asidi hizo nyingi zaidi.

Na wala si pamba peke yake. Mbegu za msufi zinazo kwa wingi zaidi, na za mbuyu zinazo pia. Miti hiyo ni ya ukoo mmoja na pamba. Alizeti haimo.

"Kuku wanataga vizuri, kwa hiyo yasipoanguliwa kosa ni la jogoo." Kutaga ni jambo moja, kulea kiinitete siku 21 kwa mafuta ya kiini ni jingine. Mulika mayai kwa tochi siku ya saba. Yai ambalo jogoo hakulifikia huwa angavu tupu. Lenye duara la damu lilikuwa na uhai, ukakatika. Joto baya la mashine huweza kuua hivyo pia, lakini jogoo amekwisha kufanya kazi yake.

Wengine huamini kwamba mafuta yanayosifiwa kwa afya ya binadamu hayawezi kumdhuru kuku. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2001 yalionyesha vingine: kuku waliolishwa CLA, mafuta yanayopatikana kidogo kwenye maziwa na nyama ya ng'ombe, walitaga mayai ambayo viinitete vyake vilikufa na ubora wake uliharibika yakihifadhiwa kwenye baridi. Mafuta ya zeituni yalipochanganywa humohumo, madhara yalizuilika. Zeituni imejaa asidi ya oleiki, ileile inayopungua kwenye kiini.

Kwa kuku wazazi, mimi ningechagua mashudu ya alizeti bila kusita. Ukibadilisha leo, usihukumu kwa yai la kesho: kiini hukusanya sehemu kubwa ya mafuta yake katika takriban siku kumi kabla ya yai kutagwa, na mafuta ya zamani yaliyomo mwilini mwa kuku huendelea kutoka baada ya hapo. Subiri wiki kadhaa, kisha weka mayai machache kwenye friji uyapasue mwenyewe.