Asilimia ya Upandikizaji Haisemi Asidi Iko Wapi

Wiki hii nimeletewa tena jedwali lilelile: filamu ya ETFE (plastiki yenye florini) inayogeuzwa kuwa utando wa kupitisha protoni katika seli ya mafuta (fuel cell), upandikizaji asilimia 20 (uzito wa polistairini iliyooteshwa humo ukilinganishwa na wa filamu), na chini yake hitimisho kwamba protoni zitapita vizuri kwa kuwa asidi ni nyingi.

Hesabu haina kosa. Gramu 1 ya filamu ikibeba gramu 0.2 za polistairini, na kila pete ya benzini ya polistairini ikapata kundi moja la asidi ya sulfoniki, unapata karibu milimoli 1.4 za asidi kwa gramu. Nafion 117, utando wa kibiashara tunaolinganisha nao, ina takriban 0.9. Kwa hesabu hiyo umeshaishinda.

Lakini stairini, molekuli ndogo zinazoungana kuwa polistairini, haijipenyezei tu ndani ya filamu ya florini. Upandikizaji huanzia usoni. Tabaka lililokwisha kupandikizwa ndilo linalovimba na kuipisha stairini isogee ndani, kutoka pande zote mbili, hadi zikutane katikati. Ukikatisha mapema hazikutani. Kata kipande cha utando, kiweke chini ya hadubini ya elektroni, upate ramani ya salfa, elementi iliyomo katika makundi hayo ya asidi: mikanda miwili inayong'aa, na katikati mstari mweusi. Hapo hapana asidi wala maji, na protoni haina pa kupita. Mizani haikuonyeshi hilo hata kidogo.

Linaloniudhi zaidi ni upimaji. Watu wanabana elektrodi zote kwenye uso mmoja, mkondo unatambaa juu juu, namba inatoka nzuri. Ndani ya seli protoni hutoka anodi kwenda kathodi, yaani lazima ziuvuke mstari ule. Pimeni kukatiza unene, jamani!

Na kuzidisha asidi si dawa. Utando unavimba, unalegea, na ukikauka hupasuka. Tunatia divinilibenzini kufunga minyororo, nayo inapunguza maji na upitishaji. Tena haidrojeni ya alfa ya polistairini, ile iliyo kwenye kaboni inayoshika pete, hushambuliwa mapema na radikali za haidroksili, vipande vikali vya OH vinavyozaliwa ndani ya seli.

Michoro ya vijia vya maji ndani ya utando, ambamo protoni hupita, mnayoiona vitabuni msiishike kama picha halisi. Hata kwa Nafion wataalamu bado wanabishana: wengine wanaona vifuko vya duara vilivyounganishwa, watafiti Schmidt-Rohr na Chen mwaka 2008 wakaja na mirija sambamba. Kwenye tando zetu, ambamo minyororo imejibana kati ya fuwele za filamu, nawachorea wanafunzi kwa kukisia, na huwa nawaambia hivyo.

Mwenye jedwali nimemwomba vipande viwili: kimoja nikikate, kingine nikipime kwa unene.