Kesi za mazingira Lamu: yasemwayo barazani na yaliyomo sheriani

Mradi mkubwa ukitajwa Lamu, maneno hufika kabla ya mashine. Baadhi ya maneno hayo yamewanyamazisha watu wakati ambapo walikuwa na kila haki ya kusema. Nimechagua machache yanayorudiwa madikoni na mabarazani, kutoka Mkomani hadi Faza, kuhusu wenyeji kushirikiana na mawakili kulinda bahari, msitu na afya zao, nikayaweka kando ya yale ambayo sheria inasema na mahakama zimekwisha kuamua.

"Tulihudhuria mkutano na tukatia sahihi, basi tumeshakubali."

Hakuna dhana iliyotudhuru kuliko hii. Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulikuwepo. Haithibitishi kwamba ulielezwa, wala kwamba uliridhia.

Tazama kesi ya Kwasasi, hapa Lamu. Septemba 2016, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa leseni ya kujenga hapo mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Makaa yakiungua hutoa zebaki, gesi ya salfa na chembe ndogo za majivu ambazo huingia mapafuni zisitoke. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, pamoja na wakazi wengine walikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni ile. Mikutano ilikuwa imefanyika, na hilo halikuwa na ubishi. Kasoro ni kwamba ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika, kwa hiyo watu waliambiwa kuna mradi unakuja bila kuambiwa utawafanya nini. Ripoti ilipokuwa tayari, yenye kurasa na majedwali yake, hawakurudishiwa wakaelezwa kilichomo. Kampuni iliyokuwa imepewa leseni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaukubali uamuzi wa jopo.

Funzo ni la vitendo kabisa. Ukienda kwenye mkutano wa mradi, piga picha ya karatasi unayotia sahihi, na uangalie kichwa chake kinasema nini. Andika kilichoulizwa na kilichojibiwa. Omba nakala ya kumbukumbu za mkutano. Tena uzingatie muda: rufaa dhidi ya leseni ya NEMA hupelekwa joponi ndani ya siku 60. Watu wamepoteza haki zao kwa kungoja mkutano mwingine ulioahidiwa.

"Kesi ni ya mawakili wa Nairobi, sisi tunatumiwa tu."

Naelewa hofu hii inatoka wapi. Lamu imeona wageni wengi waliokuja na daftari, wakauliza maswali, wasirudi tena. Lakini katika kesi zilizosimama, mwenye kesi ni mwenyeji. Wakili huleta sheria. Ushahidi hawezi kuuleta, kwa sababu haujui. Kesi ya bandari ya Lamu ilifunguliwa 2012 na wakazi wa hapa, na taasisi ya Katiba Institute ikaingia baadaye katika kesi hiyo hiyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikubali kwamba uvuvi wa jadi ni sehemu ya utamaduni unaolindwa na Katiba, na kwamba haki za wavuvi, ikiwemo haki ya kupata habari, zilikuwa zimevunjwa. Hoja kama hiyo haitungwi ofisini. Inamtaka mtu anayejua mkondo upi unachimbwa, samaki gani huzaa kwenye mikoko ile, na kwa nini mwenye mashua ndogo hawezi kuambiwa ahamie bahari kuu wakati wa kusi.

Kwa hiyo ushirikiano mzuri una dalili zake. Wakili anakuja kijijini kabla ya kuandika chochote. Nyaraka zinasomwa kwa Kiswahili mbele ya watu, na kina mama wanaokusanya kombe na kaa wanasikilizwa sawa na manahodha. Hakuna makubaliano na upande wa pili ambayo jamii haijayaridhia. Save Lamu, kwa kusaidiwa na shirika la Natural Justice, waliandika itifaki ya jamii inayoeleza wenyeji ni nani, wanaitumiaje ardhi na bahari, na vipi anayetaka kuleta mradi awaendee. Mwanasheria anayekuja Lamu aanze kwa kuisoma hiyo.

Na pesa je? Wakili akikwambia atalipwa pale tu mtakaposhinda, jua kwamba makubaliano ya aina hiyo hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili ya Kenya. Mwombe aeleze kwa maandishi nani anagharimia kesi na kwa masharti gani.

"Tungoje mtu augue kwanza, ndipo tuwe na ushahidi."

La. Ibara ya 70 ya Katiba inasema wazi kwamba anayedai haki ya mazingira safi hahitaji kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kesi ya Kwasasi yenyewe ilishinda kabla ya jiwe moja la mtambo kuwekwa.

Kungoja kuna gharama isiyolipika. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu mpaka madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaonekana katika damu ya watoto. Phyllis Omido, mama ambaye mwanawe aliathirika, aliongoza mapambano yale. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wameshinda, na inafaa tufurahi nao. Ila risasi ikishaingia katika ubongo wa mtoto, madhara yake hayafutwi na hukumu. Ndiyo maana vikundi vinavyoishi karibu na viwanda, kuanzia mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hadi bandari ya Kililana, vianze mapema kuweka kumbukumbu: tarehe maji yalipobadilika ladha, kadi za zahanati, picha za samaki waliokufa. Kesi ya afya hujengwa kwa karatasi za miaka, haijengwi wiki moja kabla ya kusikilizwa.

"Haki za jamii za asili ni za watu wa msituni peke yao."

Katiba, Ibara ya 260, inawataja wawindaji na wakusanyaji waliodumu na maisha yao, na hapa kwetu hao ni Waaweer wa Basuba, Mangai na Milimani, na Wasanye. Lakini ibara hiyo hiyo inazitaja pia jamii ndogo kwa idadi na zile zilizohifadhi utamaduni wao wa pekee. Na haki ya mazingira safi, Ibara ya 42, ni ya kila mtu. Mvuvi wa Kibajuni hahitaji cheti cha uasili ili asikilizwe.

Kwa Waaweer, kuna uamuzi mmoja unaofaa kusomwa kwa sauti katika kila kijiji cha msitu wa Boni. Mwaka 2017, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau, na ikakataa hoja kwamba uhifadhi wa msitu ulihalalisha kuwafukuza. Anayerina asali na kujua kila mti hawezi kuitwa adui wa msitu hivi hivi.

"Mahakama ni ya wenye pesa."

Kufungua kesi ya haki za kikatiba hakutozwi ada, na kanuni za mahakama za 2013 kuhusu kesi hizo zinaruhusu hata barua au maelezo ya mdomo. Gharama zipo kwingine: wataalamu, nakala, nauli ya mashahidi kutoka Kiunga hadi Malindi. Hapo ndipo mashirika ya sheria yanapohitajika kweli. Pia ni vizuri kutojidanganya kuhusu muda. Kesi ya bandari ilichukua miaka sita kupata hukumu ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi takriban 4,600, kisha ikafuata rufaa na mazungumzo yaliyogawa fidia, sehemu kubwa taslimu na iliyobaki kwa vifaa vya uvuvi.

Pa kuanzia ni karibu zaidi ya mahakama. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika maombi kwa Kiswahili ya kupata ripoti ya mradi, bila ada ya maombi, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Asiyejua kuandika, afisa wa habari anatakiwa amwandikie.