Bwawa la Bustanini: Ukitaka Vyura Wazaane, Usiweke Samaki

Kila masika yanapoanza, wakazi wa Moshi wenye vibwawa bustanini hutuuliza: mbona vyura wanalia usiku kucha lakini watoto wao hatuwaoni? Mara nyingi jibu linaogelea humohumo. Perege hula mayai na viluwiluwi wa chura, na kambare ndiye hasazi kitu. Anayetaka kitoweo achimbe bwawa la pili.

Wengi huweka samaki kwa kuhofia mbu, na hofu hiyo ina msingi. Lakini mbu wa malaria wa huku kwetu hupenda zaidi dimbwi jipya la juani lisilo na majani wala adui, kama alama za kwato na za matairi kwenye barabara ya vumbi. Bwawa lililokomaa lina watoto wa kereng'ende, wanaoishi chini ya maji wakila viluwiluwi wa mbu. Kagua mashina ya ndago asubuhi: ukikuta gamba kavu limeng'ang'ania, limepasuka mgongoni, ujue kereng'ende ametoka humo. Ndiyo maana tunasema usifyeke mimea yote ya majini. Wiki za mwanzo, kabla wawindaji hao hawajafika, chota viluwiluwi wa mbu kwa chujio kila baada ya siku chache.

Ukingo wa saruji uliosimama wima ni mtego. Chura mchanga akishaota miguu asipopata pa kutokea anakufa maji. Upande mmoja ushuke taratibu. Acha pia tawi linaloinamia maji, kwani wako vyura wa mitini wanaotaga ndani ya povu jeupe, na viluwiluwi wakianguliwa hudondoka bwawani. Watu hulikwangua wakidhani ni uchafu!

Maji ya bomba yalaze siku moja au mbili dawa ipungue. Ukitumia mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga, ulizia huko juu nani anapulizia kahawa mrututu, dawa yenye shaba, maana shaba huua viluwiluwi. Siku za kupulizia ziba mlango wa maji wa bwawa.

Na usihamishe vyura kutoka bonde jingine. Watakuja wenyewe, tena ugonjwa wa kuvu husafiri nao. Vyura wa Kihansi, korongo la milima ya Udzungwa, waliokuwa wakifa mwaka 2003 walikutwa nao, na mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini.

Penye watoto wadogo, uzio kwanza, maji baadaye.