Uso unaong'aa wa CD si ndio dhaifu zaidi
Wamiliki wengi wa deki za CD huilaza diski mezani upande wa maandishi ukiwa chini, wakiamini kwamba muziki umo kwenye uso unaong'aa. Sivyo. Mwanga wa leza hupenya plastiki yenye unene wa karibu milimita 1.2 kabla ya kuvifikia vijishimo vya data, ambavyo kwa juu vimefunikwa na tabaka jembamba la alumini, vanishi na wino tu. Kwa hiyo ncha ya kalamu ikikwaruza jina la albamu inaweza kuibandua alumini, na hapo hakuna dawa. Mikwaruzo midogo ya uso unaong'aa, deki huifidia yenyewe kwa hesabu, isipokuwa ile inayofuata mzunguko, ambayo ndiyo hurusharusha wimbo. Unapoifuta diski basi, kitambaa kipitishwe kutoka katikati kwenda ukingoni.