Wastani unasema wataongezeka, mbona bado wanaweza kuisha?

Tangu Sudan, yule dume wa mwisho wa kifaru mweupe wa kaskazini, afe pale hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, Machi 2018, watu wanaokuja kwa idara yetu ya hesabu hapa Nairobi huuliza swali moja, kwamba kama kila mnyama kwa wastani anaacha zaidi ya mtoto mmoja, si kundi litazidi kukua tu? Hapana jamani, na unaweza kujionea mwenyewe hapo mezani.

Chukua sarafu mbili za bob tano (shilingi tano za Kenya), zile mpya zenye kifaru upande mmoja na ngao ya taifa upande wa pili. Kila mnyama mrushie zote mbili. Ngao mbili, amekufa bila mtoto, ikianguka vingine vyovyote ameacha wawili. Wastani ni 1.5, kundi linafaa kukua, lakini ukianza na mnyama mmoja uwezekano wa ukoo wake kuisha kabisa ni 1/3! Huo uwezekano tuuite q: ama ukoo unaisha papo hapo (1/4), ama anaacha wawili (3/4) na koo zao zote mbili zinaisha, so q = 1/4 + 3/4 × q × q, majibu ni 1/3 na 1, na lile dogo ndilo la kweli. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliuliza hivi 1873 akiwaza majina ya familia za Uingereza yanayopotea, mwanahisabati Henry Watson akashika lile jibu la 1 akasema kila ukoo lazima uishe, na Mfaransa Bienaymé alikuwa ameshapatia tangu 1845.

Wakianza wakiwa 10, zidisha 1/3 kwa yenyewe, ziwe kumi, unapata uwezekano wa 1 kwa 59,049 wa kundi lote kuisha. Sasa hapa kompyuta inakudanganya. Iambie irudie mchezo huo mara 10,000 na kuna uwezekano mkubwa hutaona kundi likiisha hata mara moja, uandike sifuri kwa ripoti, na hiyo si sifuri.

Ujanja wa kuyaona hayo machache yanayoisha ni kugeuza masharti ya mchezo: ngao mbili sasa ndio watoto wawili, vingine hakuna. Makundi yote yanaisha, na hesabu inathibitisha yanaisha vile vile kama yale machache ya kwanza yaliyoisha, wewe unazidisha tu na 1/59,049. Unaona wazi vile kifo kinakuja: kwa wastani idadi inakatika nusu kila kizazi tangu mwanzo.

Na hiyo ni kama kila mnyama ana bahati yake. Ukame haurushi sarafu ya mmoja mmoja, unarushia kundi zima, na tukisema mfano ukame wa kuwamaliza wote una nafasi ya 1 kwa 100 tu, hatari imepanda karibu mara 600.