Daftari la kudumu la mawazo: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Jalada gumu ndiyo dalili ya daftari imara." Siyo. Daftari hufia mgongoni. Lifungue katikati ya mkunjo: ukiona uzi unaopita kwenye matundu, limeshonwa kwa vifungu, yaani karatasi nne zilizokunjwa pamoja zinatoa kurasa 16, na kila kifungu kimefungwa kwa mwenzake. Ukiona gundi tupu, kila karatasi imeshikwa kwa ukingo mwembamba. Gundi hukakamaa kadiri inavyozeeka, na baridi ya Juni na Julai ya Makete, kwenye milima ya Njombe, huizidishia. Ukililazimisha lilale wazi mezani, mgongo unapasuka na karatasi zinachomoka moja moja. Pini za kubania karatasi nazo hazifai Tukuyu, mkoani Mbeya, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Hushika kutu, na kutu hiyo hula karatasi pale pale kwenye mkunjo.

"Karatasi nzito ndiyo bora." Uzito ni nusu ya habari. Kwa bik na penseli, gramu 80 kwa mita ya mraba zinatosha kabisa. Nguvu hutokana na nyuzi za mti: za paini, kama zile za msitu wa kupandwa wa Sao Hill, hufika milimita 3 hivi na huifanya karatasi isichanike upesi, za mkaratusi ni fupi, karibu milimita 1, nazo huipa ulaini. Wino ukisambaa, tatizo ni dawa ya kuzuia umajimaji inayowekwa kiwandani, ama ni kidogo ama haipo. Weka ncha ya kalamu ya wino wa maji kwenye ukurasa wa mwisho, hesabu hadi tatu, inua. Doa likiota vinyweleo pembeni, hiyo ni karatasi ya penseli.

"Daftari zuri litunziwe mawazo yaliyoiva." Dhana hii inaumiza kuliko zote, maana madaftari mazuri mangapi yamekaa kabatini matupu miaka na miaka! Wazo huiva likiwa limeshaandikwa. Acha kurasa 4 za mwanzo kwa ajili ya yaliyomo, andika namba kila ukurasa, kisha anza na chochote ulicho nacho, hata beti lisilo na vina. Andika upande wa kulia tu, wa kushoto uachie marekebisho ya baadaye. Fundi cherehani wa Mwanjelwa, Mbeya, akichora shingo ya gauni kulia, baada ya wiki mbili kushoto ataandika: "kitenge mita 3, zipu inchi 22, kwapa linabana, ongeza nusu inchi." Gauni la pili linazaliwa kwenye huo upande wa kushoto. Tarehe usiisahau.

"Likilowa, lisogeze karibu na jiko la mkaa." Joto hukausha kingo huku katikati kukiwa bado kumelowa, na kurasa zinajikunja moja kwa moja. Usibandue kwa nguvu zilizogandana. Weka karatasi nyeupe ya kufyonza maji kila baada ya karatasi 10, libane kidogo, kisha badilisha kila zinapolowa. Likiweza kusimama, lisimamishe kurasa zikiwa zimeachana, kivulini penye upepo. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kwani ukungu unaweza kuanza ndani ya siku 2. Likibakiza unyevu kidogo tu, lilaze chini ya kitu kizito. Maandishi ya penseli na bik utayakuta. Mengi ya wino wa maji yatakuwa yamekwenda, kwa hiyo vipimo viandike kwa penseli.